Maelezo ya Fundi Sauti Kuhusu Neno "Nimefika"

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Anajulikana kwa jina la Masikio, au Dada Masikio.
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 41
Kazi: Fundi sauti, ukumbi wa burudani wa ufukweni
Makazi: Vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, mtaa wa nyuma ya ghala la barafu
Tarehe: Jumanne, tarehe 17 mwezi huu
Muda wa kuanza: Saa 4:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Hakuna aliyeniita wala aliyenilazimisha. Nimekuja kwa sababu tangu Jumamosi jioni mnamshikilia kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa upimaji ardhi, ambaye sisi ukumbini tunamwita Komeo. Mnasema alimfungia mwenzake mlango wa chuma makusudi mpaka mwenzake akafa maji. Nataka iandikwe mapema kabisa: kijana huyo alifungua mlango. Ninajua alifungua kwa sababu mimi ndiye niliyempa ishara afungue. Hapo nje nimempita baba yake amekaa kwenye benchi na chupa ya chai, na nimeshindwa hata kumwamkia.

Afande ameniambia nianze mwanzo. Sawa, naanza mwanzo, lakini naomba uandike ninavyosema. Usinitilie maneno ya kiofisi mdomoni.

Ukumbi wetu uko mwisho wa barabara ya ufukweni, mkabala na ngazi za kuteremkia mchangani. Nimefanya kazi pale miaka kumi na tisa. Wanafunzi wa chuo cha mlimani ndio riziki yetu. Jumatatu wanaangalia sinema, Jumatano wanacheza muziki, Ijumaa wanachekeshana, na Jumamosi moja kila mwezi wanaigiza mchezo wao wenyewe, wazazi wakija kutazama. Zamani jengo lile lilikuwa bwawa la kuogelea la maji ya bahari. Bwawa likafunikwa kwa mbao, na juu ya mbao hizo ndiko liliko jukwaa. Mfereji uliokuwa ukileta maji haukuzibwa. Tunauita ujia, na waigizaji huutumia kutoka chini ya jukwaa hadi chumba cha kuvalia bila kuonekana. Una hatua thelathini na nne. Dari yake iko chini, mtu wa kimo changu anainama. Katikati pana kona, na kona hiyo ndiyo sehemu ya chini kuliko zote. Hapo pana nondo za dirisha zinazotazama bahari. Maji yakijaa siku za kawaida yanafika kwenye kifundo cha mguu. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, hatupiti, ndiyo sheria tangu nilipoanza kazi.

Jumamosi tarehe 14 ilikuwa bamvua. Onyesho lilipangwa lifanyike saa nne asubuhi, maji yakiwa nje kabisa. Chuo kikaleta mtihani wa marudio asubuhi hiyo hiyo, na Mwalimu wao wa sanaa, ambaye ndiye mwongozaji, akalisogeza hadi saa tisa alasiri. Hakuna aliyekumbuka bahari. Hata mimi sikukumbuka, na nyumbani kwangu nikifungua dirisha naiona.

Marehemu tulimwita Babu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa uhasibu mwaka wa pili, lakini kila mchezo alipewa nafasi ya mzee, anapakwa chaki kichwani na kuvalishwa koti la marehemu fulani. Alikuwa mtundu mwenye adabu, kama unawajua watu wa namna hiyo. Mimi aliniita Dada. Nilimwambia nina umri wa kumzaa. Akasema, "Mama anazeeka. Dada hazeeki." Basi nikakubali, nani anakataa sifa?

Katika mchezo huu Babu alikuwa mzee bahili anayeshuka kisimani kutafuta pete yake na asirudi tena. Kisima ni cha mbao, kimewekwa juu ya mlango wa sakafuni. Akishazama, kifuniko kinafungwa kwa juu, na hapo hapo wanaingia wacheza densi kumi na sita wenye viatu vya soli za mbao. Baada ya hapo Babu hana kazi mpaka mwisho, waigizaji wote wanapotoka kuinamia watazamaji.

Sasa sikiliza utaratibu wetu, maana kesi yote iko hapo. Kila mwigizaji anabandikwa kipaza sauti kidogo kifuani, na mimi niko juu kwenye kibanda cha nyuma ya ukumbi nikiwa na meza ya sauti. Kila kipaza sauti kina njia yake kwenye meza hiyo, na Babu alikuwa njia namba nne. Mwigizaji akitoka jukwaani namfunga. Kumfunga, kwa lugha yetu, ni kukata sauti yake isiende kwenye spika, ukumbi usije ukasikia mtu anapiga chafya au anamsengenya Mwalimu. Lakini nikitaka naweza kuendelea kumsikia mimi peke yangu kwenye hedifoni. Babu akishuka, nilikuwa namfunga na kumsikiliza. Akifika kwenye mlango wa chuma wa chumba cha kuvalia anasema neno moja tu: "Nimefika." Mimi nabonyeza swichi, taa ya kijani inawaka upande wa pili, Komeo anavuta komeo, Babu anapita, Komeo analirudisha. Ndiyo maana kijana akaitwa hivyo.

Umeuliza kwa nini asigonge tu. Siku ya kwanza ya mazoezi aligonga. Mlango ule ni mnene na juu kuna viatu vya mbao thelathini na viwili, Komeo hakusikia kitu. Umeuliza pia kwa nini mlango usiachwe wazi. Mwaka juzi wanafunzi wasio na tiketi waling'oa nondo za kona na kuingia kupitia ujia, kumi na moja, wamelowa hadi kiunoni, wakakaa viti vya mbele. Tangu hapo nondo zimejengewa zege na mlango haukai wazi hata dakika moja.

Alhamisi tarehe 12, kwenye mazoezi ya mwisho, nilisikia "Nimefika" mara mbili. Ya kwanza ilikuja haraka mno. Ya pili ilikuja baada ya muda. Ya kwanza ilinikuta nimeshika kikombe cha chai, kwa hiyo taa niliiwasha kwa ile ya pili. Ilikuwa bahati tu. Babu alipopanda kunirudishia kipaza sauti nilimkaripia.

"Wewe Babu, neno ni moja. Ukisema mara mbili unanichanganya."

"Nimesema mara moja, Dada."

"Masikio yangu hayana wazimu."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza, "Nikiwa kule chini, wewe huku juu unasikia hatua za watu wangapi?"

Nilimwambia aache kunitisha, nyumbani nina mama mkwe, vitisho ninavyo vya kutosha. Akacheka tena, akaondoka. Nilitakiwa kuweka kikombe chini nimsikilize. Mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza, na hiyo ndiyo siku niliyojifanya kiziwi.

Ijumaa tarehe 13, saa sita mchana, kwenye vibanda vya chai nje ya ukumbi, Babu na Komeo walikwaruzana. Hili mmeshaambiwa, na najua mmelipokeaje. Nafasi ya mzee bahili ilikuwa ya Komeo kwanza. Komeo ana kigugumizi. Mkiwa wawili anaongea vizuri tu, akitazamwa na wengi maneno yanamkwama. Mwalimu akamwondoa, akamweka mlangoni. Siku hiyo Babu alimwigiza kigugumizi chake mbele ya wasichana wa densi. Lilikuwa kosa, na nilimwambia. Komeo alisimama, akahangaika na maneno, mwisho akasema, "Kesho utanikuta mlangoni." Watu wote walisikia. Mnasema hilo ni tishio. Afande, yule ndiye mwenye mlango. Mngetaka amkute wapi?

Jumamosi saa nane mchana nilikuwa chumba cha kuvalia nikiwabandika vipaza sauti. Kifaa cha Babu tunakifunga ndani ya puto kwa sababu ya unyevu wa ujia. Babu alimfuata Komeo, akamwambia, "Kaka, nilikukosea. Nisamehe." Komeo alichukua puto mkononi mwangu, akakifunga kile kifaa yeye mwenyewe, mafundo mawili, akampiga Babu kofi la mgongo. Mimi nilikuwepo, na mpambaji anayewapaka waigizaji rangi alikuwepo. Mtu anayepanga kuua hafungi mafundo mawili.

Na mnapoandika kwamba mkimuuliza "anasita na kubadilisha maneno", mimi nawaambia kijana anashikwa na kigugumizi. Mmemzunguka wanne, mnamkemea. Mngemwacha na mtu mmoja na maji ya kunywa, angewaeleza yote.

Onyesho lilianza saa 9:05. Ukumbi ulijaa. Mama yake Babu alikuwa safu ya tatu, amesafiri tangu alfajiri kuja kumwona mwanawe kwa mara ya kwanza jukwaani. Saa 10:12 Babu alishuka kisimani. Nilimfunga, nikamweka kwenye hedifoni. Nilisikia maji. Nikawaza, leo atalowa viatu. Nikasikia hatua zake, chwa, chwa. Halafu nikasikia, "Nimefika."

Nilibonyeza swichi. Taa ya kijani iliwaka. Nikatoa sikio langu kwenye njia namba nne, maana densi ina vipaza sauti vinane na kila kimoja kinataka mkono wangu.

Haya ninayosema sasa niliyajua baadaye, lakini nilitakiwa kuyajua pale pale. Kutoka kisimani hadi mlangoni Babu alitumia dakika moja na nusu, mara zote. Neno lile lilikuja baada ya sekunde arobaini. Nilijiambia amekimbia kwa sababu ya maji. Nani anakimbia ndani ya maji ameinama, gizani, amevaa buti za kamba hadi ugokoni? Na jambo la pili. Babu alikuwa na pumzi ya kishindo. Kabla ya kusema neno lolote alivuta hewa kwa pua, ssh, na miezi mitatu nimekuwa nikiikata pumzi hiyo kwenye mitambo. "Nimefika" ile haikuwa na pumzi, mbele wala nyuma. Ilikuwa sauti yake, ila hakuna mtu aliyevuta hewa kuisema.

Andika, afande. Najua unavyoniangalia. Andika hivyo hivyo.

Saa 11:25 mchezo uliisha, watu wakapiga makofi, waigizaji wakatoka kuinama. Mimi nilifungua njia zote ili waimbe pamoja. Kwenye njia namba nne nilisikia maji. Nilidhani Babu yuko chooni. Nikaifunga tena. Kisha nikahesabu vichwa jukwaani, Babu hayupo. Mwalimu alinitazama kule juu, akainua mikono kama anayeuliza. Sijui nilitelemka vipi ngazi za kibanda, nilijikuta tu chumba cha kuvalia.

Chumba hicho tunakizima taa wakati wa onyesho ili mwanga usitoroke jukwaani. Nilipowasha nilimkuta Komeo kwenye kigoda chake kando ya mlango. Nikamuuliza, "Babu yuko wapi?" Akasema, "Si alipita?" Nikamuuliza alipita saa ngapi. Akasema taa yangu ilipowaka.

Nilimwacha amalize bila kumkatiza, na aliyoniambia ndiyo haya. Taa ya kijani iliwaka, akavuta komeo, akafungua. Giza. Maji yalikuwa yanalamba kizingiti. Alihisi mtu anampita, nguo mbichi ikamgusa mkono. Akasema, "Pole na maji." Hakujibiwa. Alidhani Babu bado ana kinyongo cha jana, akaumia moyoni, akarudisha komeo na kukaa kwenye kigoda chake. Hakumfuata.

Mpambaji alikuwa ameingia nyuma yangu. Alinishika kiwiko akanionyesha sakafu. Palikuwa na nyayo za maji, za miguu mitupu, kutoka mlango wa chuma hadi kwenye kiti cha mbele ya kioo. Ziliishia hapo kwenye kiti. Hazikurudi, na hazikwenda mlango wa nje. Zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita, na zilikuwa bado mbichi. Mlipofika ninyi watu arobaini walikuwa wamekanyaga pale, kwa hiyo simlaumu afande aliyeandika "hakuna alama". Lakini mimi nimeziona, mpambaji ameziona, na Komeo alikuwa amevaa raba kavu. Muulizeni mpambaji. Ataanza kwa kulia, mvumilieni.

Komeo akavuta komeo. Mlango ulisukumwa na maji, ukampiga bega, maji yakaingia hadi magotini mwetu, na Babu akaja nayo. Buti zote mbili zilikuwa miguuni, kamba zimefungwa. Puto lilikuwa kifuani, mafundo mawili. Chaki ilikuwa imetoka yote, nywele nyeusi tupu, na ndipo nilipoona jinsi alivyokuwa mdogo. Komeo alimpulizia pumzi mdomoni mpaka watu wa gari la wagonjwa walipomwondoa kwa nguvu. Mama yake aliingia akiwa ameshika maua ya karatasi waliyogawiwa wazazi. Saa 12:40 polisi walimchukua Komeo. Alijaribu kusema kitu. Hakikutoka.

Jumapili tarehe 15, saa tatu asubuhi, nilikwenda ukumbini peke yangu. Meza yangu ya sauti ina mashine inayorekodi kila njia kivyake. Ninapomfunga mtu, sauti yake haifiki ukumbini. Mashine haijali, inarekodi tu. Sikuwa na haja ya kuisikiliza. Ningeweza kusema nina homa. Lakini nilivaa hedifoni, nikaanza.

Saa 10:12 na sekunde arobaini: "Nimefika." Nyuma yake, kwa mbali, hatua za Babu bado zinatembea, chwa, chwa. Nimesikiliza mara tisa. Neno linasemwa, na mwenye kipaza sauti bado hajafika kwenye kona.

Saa 10:13 na sekunde thelathini na tano: pumzi, ssh, kisha "Nimefika." Huyu ndiye Babu.

Baada ya hapo kila dakika moja au mbili alisema hivyo hivyo. "Nimefika, Dada." "Dada, nimefika, mbona mlango haufunguki?" Aligonga. Akarudi chini ya jukwaa akagonga kifuniko, juu walikuwa wanacheza densi. Akarudi mlangoni. Akaenda tena jukwaani, akarudi tena mlangoni, kwa sababu alijua taa ni yangu na mimi huwa namsikia. Alipotaka kwenda mara ya tatu maji kwenye kona yalikuwa yameshagusa dari, ikawa haiwezekani kupita, na ngumi zake mlangoni zilikuwa zinapigwa ndani ya maji, hazina mlio. Hakutukana mtu. Mara moja alisema, "Komeo, kaka, kama ni ya jana, nimeshaomba msamaha." Mnaweza kulichukua neno hilo mkasema mnaona, alijua nani kamfungia. Ndiyo maana nasema sikilizeni yote, msikilize na sekunde ya arobaini. Yule kaka yake alikuwa ameshafungua mlango, ameshampa pole mtu mwingine.

Jumapili hiyo saa tisa alasiri nilikwenda msibani, nyumbani kwa mama mdogo wa marehemu. Mama yake alinikalisha karibu naye, akanishika mkono. Akasema, "Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa unamsikia. Mwanangu alisema nini mwisho?"

Nikasema, "Alikuwa anakariri maneno yake ya mchezo, mama."

Akaniuliza, "Hakuniita?"

Nikasema, "Alikuita, mama. Alikuita mara nyingi."

Akafunika uso na kitenge, akasema ahsante. Mimi nilikula chakula cha msiba, nikaaga.

Hakumwita. Kwenye kanda nzima, dakika hamsini na moja, hakumwita mama yake hata mara moja. Aliyekuwa akiitwa ni mimi.

Jumatatu tarehe 16 asubuhi Mwalimu alipanda kibandani, akasimama mlangoni bila kuingia. Aliuliza, "Masikio, hizi mashine huwa zinajifuta zenyewe, siyo?" Nilimwambia hazijifuti. Akasema ukumbi ukifungwa wanafunzi wote watakosa pa kwenda, na mimi nitakosa kazi, na marehemu hatarudi. Yote matatu ni kweli. Nilirudi nyumbani, nikamwambia mama mkwe wangu kila kitu. Tangu anipate hajawahi kunisifu. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Mtoto wa mwenzio yuko ndani kwa mkono wako, nawe unaniuliza mimi?" Leo asubuhi nimekuja.

Nimeuliza, afande, kama naweza kuwapa kanda hadi ile "Nimefika" ya pili tu, maana hiyo peke yake inatosha kumtoa Komeo. Umenijibu kwamba kikikatwa kipande, wakili yeyote atasema mmechezea, na kijana atabaki ndani. Umesema pia kwamba familia ya marehemu ina haki ya kusikia kielelezo chote. Basi nimetoa chote. Nikimtoa huyu kijana, yule mama atajua nilimdanganya, na atajua mwanawe alikuwa akimwita nani. Sina njia ya tatu. Nimeitafuta siku mbili.

Kwa kuwa kanda itasikika, bora mwisho wake utoke kwangu kwanza. Kuanzia saa 10:57 Babu alinyamaza. Dakika sita ni pumzi tu, ya juu juu, karibu na dari. Saa 11:03 pumzi ilisimama ghafla, kama mtu anayesikiliza. Kisha akasema, kwa furaha, sauti ile ile ya kuja kunirudishia kipaza sauti, "Dada! Nilijua utanisikia." Akasema, "Nipe mkono. Huo, huo." Akasema, "Mbona una baridi hivi?" Hakulia. Alishukuru. Baada ya hapo ni maji.

Mimi sikushuka, afande. Sijui alipewa mkono wa nani. Saa 11:03 nilikuwa juu kwenye kibanda changu, nimemfunga, nacheka pamoja na ukumbi mzima, kwa sababu walikuwa wamefika kwenye kichekesho cha mwisho na kilikuwa kinachekesha kweli.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nimesomewa neno kwa neno, nimeyasikia, nayakubali kuwa yangu, na sitaki lipunguzwe hata moja.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Muda wa kumaliza: Saa 6:35 mchana

MAELEZO YA AFISA MWANDISHI: Nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi, naye ameyakubali. Nimepokea kifaa kimoja cha kuhifadhia sauti na kukisajili kama kielelezo namba 3. Nimekisikiliza humu chumbani kwa spika pamoja na mkuu wa dawati kuanzia saa 6:50 hadi saa 7:45 mchana. Maneno na muda vinalingana na maelezo ya shahidi. Imependekezwa mtuhumiwa aachiwe leo, na mpambaji aitwe kutoa maelezo. Shahidi ameelezwa kwamba anaweza kuhitajika tena, yeye na mwongozaji wa mchezo.

Shahidi aliomba sehemu ya mwisho isisomwe mbele ya mama wa marehemu. Nilimweleza kwamba siwezi kuahidi hilo. Mama wa marehemu alikuwa amefika kituoni saa 5:00 kufuatilia kibali cha mazishi, na alikuwa akisubiri chumba cha pili, ambacho kimetengwa na hiki kwa ukuta wa mbao. Saa 7:50 aligonga mlango, akaomba kukaa na shahidi. Shahidi amekubali. Nimewaachia chumba.